Saini 2 kati ya 3 baina ya Lamu, Faza na Malindi: uzoefu wangu

Tunaoweka akiba hii ya bitkoini tuko watatu: mmoja Langoni hapa Lamu, mmoja Faza, mmoja Malindi. Tunatumia programu ya Sparrow na vifaa vitatu vidogo vya kusaini vinavyotunza funguo za siri, kila kimoja cha mtengenezaji wake, ili kasoro ya kampuni moja isiguse funguo zote. Saini mbili zikipatikana, pesa hutoka. Moja peke yake haifanyi kitu. Baada ya mwaka mzima naupendekeza mpango huu, kwa sharti moja: usihifadhi maneno 24 ya siri yanayorudisha ufunguo ukasahau ramani ya waleti, yaani faili linaloorodhesha funguo za umma zote tatu.

Anwani ya 2 kati ya 3 hujengwa kwa funguo za umma zote tatu (ufunguo wa umma ni nusu ya ufunguo inayoweza kuonyeshwa, haisaini). Kifaa kimoja kikizama baharini pamoja na maneno yake, funguo mbili zilizobaki zinatosha kusaini, lakini hazitoshi kuijenga upya waleti ikiwa ufunguo wa umma wa yule wa tatu haukuandikwa popote. Pesa ipo, saini mbili unazo, na huitoi. Ndiyo maana kila mmoja wetu ana ramani hiyo ya waleti kwa nakala mbili, moja ya karatasi na moja ndani ya flashi. Mwizi akiipata hawezi kuchukua pesa, ataona salio na miamala tu.

Kuanzisha kunahitaji jioni moja ya utulivu. Kila mtu atengeneze maneno yake kwenye kifaa chake, wenzake wasione. Kifaa kimoja tulichoagiza mtandaoni kilifika na kadi ambayo maneno yalikuwa yameshaandikwa; kifaa cha namna hiyo kirudishwe, kwa sababu aliyeyaandika anayo. Kisha kila mtu atoe ufunguo wa umma wa njia ya m/48'/0'/0'/2' (anwani ya ndani ya kifaa inayoonyesha ufunguo wa saini nyingi uko wapi) pamoja na alama yake ya utambulisho ya herufi 8. Hapa ndipo watu hukosea: hutoa ufunguo wa saini moja, ule wa njia ya 84'. Ukiona unaanza kwa zpub yenye z ndogo, umekosea. Wa saini nyingi, ukiandikwa kwa mtindo huo, huanza kwa Zpub, Z kubwa. Ukikosea, programu inaweza kukutengenezea anwani kama kawaida, na tatizo likajitokeza siku ya kusaini.

Sajili waleti ndani ya kila kifaa kinachodai isajiliwe, kisha linganisha anwani ya kwanza kwenye skrini za vifaa viwili au zaidi, si kwenye laptopu pekee. Huanza kwa bc1q na ina herufi 62. Tuma kiasi kidogo, futa kifaa kimoja, kirudishe kwa maneno yake, saini, toa pesa. Zoezi hilo likifaulu ndipo uweke akiba yenyewe.

Maneno tumeyagonga kwenye bati la stenlesi la daraja la 316, ambalo hustahimili chumvi kuliko 304. Karatasi ndani ya kidaka cha ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu wa kusi hadi wino ukatanuka. Herufi 4 za mwanzo wa kila neno zinatosha, maana katika orodha ya maneno 2048 ambamo hutoka maneno haya hakuna mawili yanayoshirikiana hizo nne. Ni herufi 96 kwa wingi. Laza bati juu ya chuma kizito, si juu ya meza ya mbao, kwa sababu mbao hunepa na herufi hutoka nusu. Gonga pigo moja la nguvu. La pili huacha kivuli, na F ikasomeka E. Kazi hii usimpe fundi, hata awe ndugu yako.

Katika kusaini, raha ni kwamba hakuna anayesafiri. Boti za Faza hungoja maji yajae zipite mlango wa bahari wa Mkanda, lakini faili la muamala unaosubiri saini hupita kwenye simu. Likiibwa njiani haliibi pesa. Hatari ni kubadilishiwa anwani, basi mpigie mwenzako, sauti unayoijua, msomeane herufi 8 za mwisho huku kila mtu akitazama skrini ya kifaa chake. Chenji nayo, yaani salio la muamala linalorudi kwenye waleti, kifaa kiitambue kuwa ni yenu. Ikionekana kama malipo kwa mtu mwingine, simamisheni. Vifaa vingine hupokea muamala kwa kupiga picha msimbo wa QR unaobadilika-badilika kwenye skrini, nao haushikiki juani barazani. Ingia ndani, futa lenzi ukungu wa chumvi, punguza mwangaza wa skrini.

Gharama yake ni ada. Kila ingizo la pesa, yaani kila kiasi mlichopokea ambacho sasa mnakitumia, huchukua takriban baiti 105 za kulipia, badala ya 68 za saini moja. Kwa matumizi ya kila siku haifai.

Wengine huuliza kwa nini tusigawane maneno yenyewe. Chukua maneno 12, kila mtu ashike 8: anayepungukiwa na manne ana takriban trilioni moja ya kujaribu, na mashine za kutosha huzimaliza. Njia ya Adi Shamir ya mwaka 1979 ya kugawa siri vipande, ambayo vifaa kadhaa huitumia kwa vipande vya maneno 20 au 33, ni salama kuliko hivyo. Vipande vikipungua hata kimoja chini ya idadi iliyowekwa, havifichui chochote. Naipenda kwa mtu mmoja anayewaachia warithi. Kwa washirika siipendi, kwa sababu siku ya kutumia vipande hukutana ndani ya kifaa kimoja, na anayekishika wakati huo ana kila kitu.

Ufunguo mmoja ukipotea, msikae na mbili mkasema zinatosha. Tengenezeni waleti mpya yenye funguo tatu, hamisheni pesa wiki hiyo hiyo, na ramani ya zamani msiitupe: kuna anayeweza kutuma tena kwenye anwani ya awali.