Meli ya bati kutoka Makoroboi: bodi safi, mlingoti wa nyuma umenikata stimu

Wadau wa Mwanza, kama unatafuta kitu cha maana cha kuweka sebuleni pita Makoroboi, kuna fundi pale anakunja makopo chakavu anatoa meli, mimi nilimrushia wasap picha ya Star of India, ile meli ya matanga ya zamani, akasema mkuu hii mbona ndogo, lete advansi.

Bodi aisee nimeikubali. Kapandisha vipande vya bati kimoja juu ya kingine na kila ukingo kaugonga vidoti kwa ncha ya msumari vikatokea kama ribiti, na ndo ilivyo yenyewe, meli ya chuma iliyoundwa Ramsey, Isle of Man, mwaka 1863 ikiitwa Euterpe. Lehemu haina madonge, kamba zote ni uzi wa nyavu.

Shida mlingoti wa tatu. Kauwekea miti ya kukingama ya kushikia matanga ya mraba, kama milingoti miwili ya mbele, halafu ubavuni kaandika Star of India, sasa hapo kachanganya enzi mbili. Matanga ya mraba milingoti yote mitatu ilikuwa enzi za Euterpe, inaenda Calcutta, halafu kuanzia 1871 inapeleka wahamiaji New Zealand, imezunguka dunia mara 21 na injini haijawahi kufungwa hata siku moja. Mwaka 1901 ikanunuliwa na wenye viwanda vya samaki vya Alaska, wao wakaitoa ile miti ya nyuma, maana ukipunguza matanga ya mraba unapunguza na watu wa kupanda juu, mshahara huo. Jina la Star of India limekuja 1906, mlingoti ulishabadilishwa zamani.

Na hiyo kazi ya Alaska sisi wa minofu ya sangara tunaielewa vizuri tu, inatoka Oakland, California, na wavuvi, watu wa kiwandani, makaa ya mawe na vifaa vya makopo, inarudi imeshiba samaki wa makopo, hivyo hivyo mpaka 1923. Kwa hiyo kuitengeneza kwa makopo imekaa vizuri kuliko fundi mwenyewe anavyojua, hehe.

Nilipomwambia akajibu "kaka, mmoja ukiwa tofauti wateja watasema nimesahau." Ila kaurekebisha bila kuongeza hela, heshima yake.

Mpeni picha ya ubavuni inayoonyesha milingoti yote, na nendeni na boksi lenu, yeye anafunga kwa gazeti tu na daladala za jioni mnazijua.