TAHADHARI: "Dawa ya kuoshea spea" ya madumu yasiyo na lebo hapa Mwanza

Wenye gereji za nyumbani, mafundi wa Nyakato, Igoma, Buzuruga na Igogo, na nyie mnaofungua injini za boti kule Kirumba: kuna wauzaji wanaopitisha madumu ya lita 20 yenye maji ya bluu au ya njano, wanayaita "dawa ya kuoshea spea". Dumu halina lebo, risiti hakuna, na bei iko chini ya mafuta ya taa ya kituoni. Usiimimine dawa hiyo kwenye mashine yako ya kuoshea spea, yaani lile beseni lenye pampu ya umeme, kabla ya kuipima.

Bei ndiyo inayovuta watu, basi tuanze nayo. Tangu 2011, serikali ilipopandisha kodi ya mafuta ya taa ili kukomesha uchakachuaji, mafuta hayo si ya bei ya kutupa tena. Anayekuuzia kisafishio cha jamii hiyo kwa bei ya chini zaidi ameweka kitu kingine ndani: petroli chafu au thina iliyokwisha kutumika, imechanganywa na dizeli, ikatiwa rangi na harufu ya limao. Au si mafuta kabisa, ni kostiki soda, ile kemikali kali inayounguza ya kutengenezea sabuni, iliyoyeyushwa kwenye maji.

Hiyo ya petroli inaua. Mafuta ya taa halali hayatoi mvuke wa kushika moto mpaka yafike nyuzi joto 38 au zaidi, na dawa nzuri ya kuoshea spea huvuka 60. Petroli hutoa mvuke huo hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri. Lita moja tu ya petroli ndani ya dumu la lita 20 huweza kufanya dawa yote ya dumu hilo iwe rahisi kushika moto. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo haupandi juu ukatoka dirishani; unatambaa sakafuni na kujaa ndani ya beseni, palepale ilipo pampu. Mota ndogo nyingi zina brashi za kaboni zinazotoa cheche kila zinapozunguka. Na gereji ya nyumbani huwa ukuta mmoja na jiko la mkaa. Mashine za kiwandani zina kiungo kinachoyeyuka kwa moto, mfuniko ukaanguka wenyewe na kuzima. Zile zinazochomelewa mtaani kwa pipa lililokatwa hazina kitu hicho.

Kupima ni rahisi ukiwa na mizani ya jikoni. Chukua chupa kavu, ipime tupu, mimina maji mpaka uzito uongezeke gramu 1,000, weka alama. Hapo una lita moja kamili. Mwaga maji, kausha chupa vizuri, jaza dawa hadi alama, pima, toa uzito wa chupa. Mafuta ya taa huwa kati ya gramu 775 na 840, petroli ni 720 hadi 775. Ikifika 1,000 au kuzidi, hiyo si mafuta, ni maji yenye kitu ndani. Ila mizani peke yake inadanganyika, maana petroli ikichanganywa na dizeli uzito unaweza kuangukia palepale pa mafuta ya taa. Kwa hiyo ongeza jaribio la karatasi: nje, kivulini, mbali na moto, dondosha tone la dawa kwenye karatasi nyeupe na pembeni yake tone la mafuta ya taa uliyonunua kituoni. Doa la dawa likianza kukauka upesi na kuacha duara la mafuta tu, wakati la mwenzake bado limelowa lote, kuna petroli au thina. Usijaribu kwa kiberiti, na usiinamie dumu kunusa.

Kostiki soda inajulikana kwa foili ya kupikia. Vaa glavu na miwani, weka dawa kidogo kwenye glasi, tumbukiza kipande cha foili. Ikianza kutoa mapovu, ujue itakula silinda hedi, pistoni na kabureta vivyo hivyo. Bloku la chuma linavumilia. Aluminiamu inageuka nyeusi, inachimbika vishimo, na sehemu ya kukaa gasketi haizibi tena. Mapovu yale ni haidrojeni, nayo inawaka. Ikiruka jichoni, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika zisizopungua 15, kisha hospitali.

Kwa gereji ya nyumbani, sisi tunashauri sabuni ya maji ya kuondoa grisi, iliyoandikwa kuwa ni salama kwa aluminiamu, kwa kipimo cha kwenye lebo na joto la nyuzi 40 hadi 60. Ni ya polepole kuliko mafuta, lakini haiwaki. Suuza, kausha kwa upepo wa kompresa, na chuma kipake oili hapohapo, la sivyo kutu inaanza. Ukitaka ya mafuta, mdai muuzaji karatasi ya usalama ya kemikali na usome sehemu ya 9: joto la kushika moto liwe juu ya 60. Asiye na karatasi hiyo mwache. Glavu ziwe za nitraili. Zile za mpira za hospitali hulainika na kupasuka kwenye mafuta.

Ulishainunua? Chomoa pampu kwenye umeme kwanza, fungua milango, zima majiko. Usiimwage mtaroni, mitaro inaingia Mto Mirongo na Mirongo unaingia ziwani. Irudishe kwenye dumu, funga, iweke nje kivulini mbali na watoto, na usiigawe kwenye chupa za soda. Bakiza kiasi kwenye chupa ya kioo yenye maandishi, piga picha dumu, kisha peleka taarifa EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, Kanda ya Ziwa kama ni mafuta, au kwa Mkemia Mkuu wa Serikali kama ni kostiki. Beseni lifute kwa matambara, uyaanike nje moja moja bila kuyarundika, na usiwashe pampu mpaka harufu iishe kabisa.