Flashi ya shilingi 800 na kilemba cha babu

Nilinunua flashi hii wakati shule zimefungwa, kwenye duka moja la kutia muvi hapa Lamu. GB 16, shilingi 800, katuni tupu. Kijana wa duka aliniuliza umri wa mtoto, nikamwambia binti yangu ana miaka 6. "Usijali mama, nitakutilia nzuri nzuri." Picha ni safi, sauti haikatiki, na stima ikipotea (mwajua mambo yetu) watoto huendelea kwenye laptopu mpaka betri iishe. Upande huo sina neno. Neno langu ni juu ya alichonitilia.

Ijumaa ya pili, babu yake alitoka kuoga ajitayarishe kwenda msikitini, kilemba hakioni. Bakora nayo haipo. Tukapekua nyumba nzima. Kumbe viko barazani! Watoto wacheza mwizi na askari, na aliyepangiwa wizi, mtoto wa jirani, amezungushiwa kilemba cha mzee mpaka kimemfunika nyusi, bakora mkononi. Mzee akauliza, "Mbona mwizi avaa vitu vyangu?" Binti yangu akamjibu bila kupepesa, "Mtu mbaya ndivyo avaavyo." "Haya, na huyu ni mwizi wa nini?" "Wa taa."

Mzee alikwenda zake kusali huku acheka. Mimi nilibaki na donge. Usiku ule watoto walipolala nikaitazama Aladdin, katuni ya flashini yenye taa ya jini, mwanzo hadi mwisho, jambo ambalo ningalipaswa kulifanya kabla ya kumpa mtoto rimoti.

Jafar, huyo mtaka taa, ana kilemba, joho refu, ndevu nyembamba na fimbo yenye kichwa cha nyoka. Askari na wachuuzi wa sokoni wamechorwa na mapua makubwa na sura za kutisha, tena Kiingereza chao kimetiwa Uarabu wa kuigiza. Aladdin na Jasmine ni watoto wa mji uo huo, lakini wao wazungumza kama Wamarekani, na nyuso zimelainishwa. Kwa haki niseme Sultani pia ana kilemba na si mbaya. Ila ni mzee wa kuchezewa akili, hupanga vidoli vyake na kuongozwa kama mtoto. Basi mwenye kilemba achague: awe mwovu au awe mjinga.

Hata wimbo wa kufungulia una kisa chake. Filamu ilipotoka mwaka 1992 ulisema kwamba huko watu hukukata sikio wasipopenda sura yako. Waarabu wa Marekani walilalamika, na kanda za nyumbani zilipotoka mwaka 1993 maneno yale yakabadilishwa, yakawa ya jua kali na ardhi tambarare. Flashi yangu ina yaliyobadilishwa. Lakini mstari unaofuata, usemao kuwa nchi ile ni ya kishenzi ila ndiyo kwetu, uliachwa vivyo hivyo.

Na kwa kuwa tumetaja ushenzi: The Lion King ya 1994 nayo imo. Simba, Rafiki, Pumbaa, Sarabi, yote ni maneno yetu, wala humo hamna binadamu hata mmoja. Fisi mmoja aitwa Shenzi. Sijui kama waliompa jina walimuuliza Mswahili yeyote, ila najua binti yangu alimwita kakake "Shenzi" mbele ya nyanya, kwa mapenzi kabisa, na nyanya akamshika sikio hapo hapo. Nilichukua nusu saa kueleza kuwa ni jina la fisi. Nyanya hakukubali mpaka leo.

Kilichoniuma zaidi ni kitu kidogo, tena kwenye Tom na Jerry za zamani, ambazo hata mimi nilikua nazo nikicheka. Binti yangu aliuliza, "Mbona mama huyu hana kichwa?" Ni yule mtumishi mweusi wa nyumba, waonyeshwa miguu yake, ndara na ufagio, basi. Ameanza kuonekana mwaka 1940, na sauti yake kwa miaka mingi ilikuwa ya Lillian Randolph, mwigizaji Mmarekani mweusi. Miaka ya 1960 waliondoa miguu myeusi kwenye baadhi ya vipande wakachora mwanamke mweupe. Nami nimemtazama mama yule tangu utotoni, sikuwahi kujiuliza uso wake uko wapi.

Ya Tiana (2009), binti mfalme wa kwanza mweusi wa Disney, niliitarajia sana. Sehemu kubwa ya filamu yeye ni chura. Nipite.

Mwisho kabisa wa folda, kama kitu cha kujazia nafasi, nilikuta vipande vitatu tu vya Akili na Mimi, vya Ubongo, watengenezaji wa katuni za watoto wa Dar es Salaam. Akili ana miaka 4, akaa na familia yake chini ya Mlima Kilimanjaro, na azungumza Kiswahili. Binti yangu amevirudia mpaka sasa aomba "naomba maji" badala ya "nipa mai". Nyanya kanuna, mimi sioni ubaya. Bado nangoja katuni yenye mtoto apandaye punda na mama avaaye buibui, lakini hapa angalau hakuna aliyechorwa ili achekwe sura.

Nampa kijana nyota 3 kati ya 5. Picha safi, bei nzuri, ila uchaguzi ni wa mtu aliyejaza tu. Nilirudi kumwambia apunguze Tom na Jerry za zamani aongeze za Ubongo. Akanitazama sana. "Mama, watu huja kuongezewa, sijaona wa kupunguziwa." Akanitoza 50.

Aladdin sikuifuta. Twaitazama pamoja, na babu hukaa nasi. Tena siku hizi kila Ijumaa akishavaa hupitia barazani, akagonga bakora sakafuni na kunguruma, "Taa yangu iko wapi?" Watoto hutawanyika mpaka uchochoroni.