Kozi ya vitenzi vya lugha ya kubuni ya Kigermanik: naipa nyota tatu kwa tano

Ni kozi ya mtandaoni ya vitenzi vya lugha ya kubuni iliyochotwa kutoka Kiingereza, Kijerumani, Kiholanzi na lugha za Skandinavia. Wazo si geni. Folkspraak, lugha nyingine ya kubuni, ilianza 1995 kwa wazo hilohilo, kisha wabunifu wake wakagawanyika. Lugha hii ni ndogo zaidi, na tangazo la kozi linadai vitenzi vyake ni mteremko.

Kwa upande wa maumbo, hawajadanganya. Kitenzi hakibadiliki kwa nafsi, kama ilivyo katika Kiswidi: ik sing, du sing, wi sing (naimba, unaimba, tunaimba). Sisi tuliozoea kumpachika mtenda ndani ya kitenzi huwa tunasahau kumtaja, basi ujiandae kusahihishwa. Njeo sahili ni mbili tu, iliyopo na iliyopita. Wakati ujao unategemea kitenzi kisaidizi. Vitenzi dhaifu, yaani vile visivyobadili irabu, unavibandika -de mwishoni kupata wakati uliopita, kazi imekwisha.

Uhondo uko kwenye vile ambavyo mwanaisimu Mjerumani Jacob Grimm aliviita vitenzi imara, vinavyobadili irabu ya ndani badala ya kuongezewa kiambishi. Kozi haikuvimwaga kama orodha ya kukariri. Imevipanga kwa makundi ya irabu: sing, sang, sungen, drink, drank, drunken. Ukishalishika kundi moja, unaanza kuona kwamba Kiingereza na Kijerumani vinatii utaratibu uleule, na kumbe vile "visivyo na kanuni" vilikuwa na kanuni zake. Somo hili pekee linatosha kukufanya ujiandikishe, hata kama hutapata mtu wa kuongea naye lugha yenyewe (na hutampata).

Balaa ni mahali pa kukiweka kitenzi. Katika sentensi ya taarifa lazima kikae nafasi ya pili, kwa hiyo ukianza na neno la wakati, mtenda anasogea nyuma yake: Nu sing ik (sasa naimba), si Nu ik sing. Kisaidizi kikiingia, kitenzi kikuu kinasukumwa hadi mwisho: Ik hav dat bok lesen (nimesoma kitabu hicho). Hapa ndipo wengi tunakwama, na kozi imepatengea aya moja tu!

Halafu maelezo yanaruhusu pia mpangilio wa Kiingereza, ila mazoezi hayautambui. Niliandika Ik hav lesen dat bok, nikapigwa alama nyekundu. Nikawaandikia, wakajibu upesi kwamba watarekebisha. Hadi leo alama ile iko palepale.