Kamusi ya Wiktionary kwenye mizani ya neno moja

Ili kuipima Wiktionary, kamusi huria ya mtandaoni iliyoanzishwa Desemba 2002, nilichagua neno ambalo lugha kadhaa za Ulaya zinalingana katika kuliandika na kuachana katika maana yake: gift. Mwingereza akilitamka anakusudia zawadi, Mjerumani anakusudia sumu, na Mswidi aweza kukusudia sumu au mtu aliyekwisha kuoa au kuolewa.

Uzuri wa kamusi hii ni kwamba maneno yanayoandikwa sawasawa hukutanishwa katika ukurasa mmoja, hata yakiwa ya lugha tofauti, na kila moja huelezwa asili yake. Nilifuata maelezo hayo hadi kwenye shina la kale la lugha za Kigermaniki lenye maana ya kutoa. Maana ya ndoa ilitokana na kumtoa mwanamke aolewe. Kiingereza cha kale nacho kilikuwa na neno la ukoo huu lililohusu mahari. Iliyonistaajabisha zaidi ni sumu. Wajerumani waliiga Kigiriki, ambamo dosis ni kitu kilichotolewa, kisha kipimo cha dawa, na kutoka dawa hadi sumu hapakuwa mbali, hasa kwa watu waliosita kuitaja sumu waziwazi. Dosis hiyohiyo, baada ya kupita katika lugha nyingine, ndiyo dozi tunayoandikiwa hospitalini. Hata hivyo, maana ya awali haikufutika katika Kijerumani, kwani Mitgift ni mali anayokwenda nayo bibi harusi kwa mumewe.

Kasoro zipo. Kwa kuwa nomino za Kijerumani huanza kwa herufi kubwa, Gift yao imewekwa katika ukurasa wake wa pekee, na asiyekiona kiungo kidogo kilicho juu ataondoka akidhani Wajerumani hawana neno hilo. Maelezo mengi ya asili hayataji chanzo, na kwa kuwa yeyote aweza kuyahariri, mwanafunzi anayeandika tasnifu hana budi kuyalinganisha na kamusi ya wataalamu. Toleo la Kiswahili bado ni dogo mno kwa kazi kama hii, hivyo asiyesoma Kiingereza hatanufaika sana.

Kwa mwalimu na mfasiri ninaipendekeza, tena haina malipo. Ila mwenye rafiki Mjerumani afungue kurasa zote mbili kabla ya kumwandikia kadi ya siku ya kuzaliwa.