Sanduku la vifaa la droo tatu, jua kali ya Kibuye, Kisumu

Fundi mmoja wa jua kali karibu na soko la Kibuye hutengeneza kwa agizo sanduku la bati ambalo kila droo yake imetandikwa sponji mbili, nyeusi juu na nyekundu chini, ile ya juu ikiwa imekatwa kwa umbo la kila kifaa unachompelekea. Ukichomoa spana, wekundu unajitokeza papo hapo. Nimelinunua kwa ajili ya gereji yangu kwa sababu ndio mpangilio niliofanya nao kazi nilipokuwa fundi wa ndege katika Jeshi la Wanahewa, na sijaona unaoushinda.

Kwa wanahewa, kuhesabu vifaa kuna uzito sawa na kukaza nati. Sanduku hukaguliwa kabla ya fundi kuigusa ndege na baada ya kumaliza, na ikikosekana hata bisibisi moja, ndege haitiwi saini ya kuruka mpaka ipatikane, hata kama rubani amekwisha kuvaa na anasubiri. Ni kwa sababu hiyo hiyo askari hujipanga bega kwa bega, wakatembea polepole kwenye maegesho ya ndege wakiokota kokoto na vipande vya waya ambavyo injini ingevivuta. Anayeona huo ni usumbufu aikumbuke Concorde iliyoanguka karibu na Paris tarehe 25 Julai 2000: bamba jembamba la titani lililodondoka kutoka ndege nyingine lilipasua tairi lake, na watu 113 wakafa.

Nikirudi kwenye sanduku lenyewe, bati ni nzito na droo hazikwami. Nafasi ya spana namba 10, ambayo ndiyo hupotea katika kila gereji, imeibana barabara hivi kwamba haitikisiki hata sanduku likibebwa kwa bodaboda, na pembeni pameachwa pa kupenyeza kidole. Kasoro kubwa ni sponji, ambayo ni ile ya magodoro. Hunywa oili, ikavimba na kuharibu umbo. Agiza mpira mgumu kama ule wa kandambili, ambao hupanguswa kwa kitambaa tu. Komeo nalo ni jepesi, kwa hiyo tia kufuli.

Nililipa shilingi 9,000, na naona ni bei ya haki. Siku ya kuagiza mpelekee vifaa vyote kwa pamoja, kwani huvichora kwa kuvizungushia kalamu kabla ya kukata.