Programu ya kukagua wizi wa maandishi: inasaidia, ila haisomi

Jina la programu naliacha, maana hizi zinazouzwa vyuoni zinafanana sana, na ninayoyaeleza yatakuhusu hata kama chuo chako kimelipia nyingine. Mimi ni mhadhiri, naitumia kwa insha za shahada ya kwanza na tasnifu za uzamili.

Sifa zake kwanza. Kupakia kazi ni rahisi, ripoti hairudi kwa kuchelewa, na kila sentensi iliyofanana na chanzo inapakwa rangi. Ukiibofya unafika hadi ilikotoka. Aliyenakili aya nzima na kuibandika hana pa kuchomokea. Tena mwanafunzi akiruhusiwa kuona ripoti ya rasimu yake, hujirekebisha mwenyewe pale aliposahau kutaja chanzo. Wapo wenzangu wanaosema huko ni kuwafundisha kukwepa. Sikubaliani nao hata kidogo.

Taabu inaanzia kwenye ile asilimia ya maandishi yaliyofanana na vyanzo. Tasnifu moja ilinifikia na asilimia 41, mtu keshaandika juu yake "irudishwe". Nikafungua ripoti yenyewe. Rangi ilikuwa imejaa kwenye ukurasa wa tamko, kwenye orodha ya marejeo, na kwenye dodoso aliloliazima kwa ruhusa na kuliambatisha mwishoni. Nilipochuja marejeo na manukuu na kuondoa viambatisho, ikabaki 9, na hiyo nayo ni majina ya taasisi na vifungu vya sheria. Vichujio vipo palepale kwenye menyu, ila nani atavigusa akiwa amepewa kikomo cha asilimia na lundo la kazi mezani?

Nyingine ilikuja na asilimia 6, safi kabisa. Sura ya tatu ilisema alfa ya Cronbach ya dodoso, yaani kipimo cha jinsi majibu ya maswali yake yanavyoendana, ni 0.83. Nikamwita mwenyewe.

"Dodoso lako lilikuwa na maswali mangapi?"

Kimya.

"Basi hiyo 0.83 inatuambia nini?"

"Samahani, Dokta. Sehemu hiyo nilisaidiwa."

Huko kusaidiwa kulikuwa sura mbili nzima. Kazi ya kununua haijachapishwa popote, kwa hiyo programu haina cha kuilinganisha nacho. Makala ya Kiingereza iliyotafsiriwa kwa Kiswahili nayo hunipitia humo bila hata doa. Mhadhiri anayefuatilia machapisho ya fani yake ndiye atakayeinusa, kwa sababu hoja ile alishaisoma, na mifano ni ileile kwa mpangilio uleule.

Kitufe cha kubaini maandishi ya akili mnemba mimi sikitumii. OpenAI wenyewe, waliotengeneza ChatGPT, walitoa kibainishi chao Januari 2023. Kwa vipimo vyao walivyovitangaza, kilikamata asilimia 26 tu ya maandishi ya mashine na kuyasingizia asilimia 9 ya maandishi ya watu. Julai mwaka huohuo wakakiondoa. Mwaka huo pia watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipitisha insha 91 za mtihani wa Kiingereza wa TOEFL kwenye vibainishi 7, na kwa wastani zaidi ya asilimia 60 zikaitwa za mashine, ilhali zimeandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Sasa nimburute mwanafunzi mbele ya kamati ya nidhamu kwa ushahidi wa namna hiyo?

Kinachonisaidia zaidi ni kudai rasimu mapema, kumhoji kila mmoja kwa dakika chache juu ya alichoandika, na kubadilisha maswali. Swali linalorudi vilevile mwaka hadi mwaka, majibu yake yanarithiwa, halafu mwalimu wake ndiye anayelalamika kwa sauti kubwa kuliko wote. (Na slaidi zetu zisizotaja chanzo hata kimoja, tungezipakia humo tuone rangi zake.)

Kama idara yenu inataka kuinunua, inunueni kwa ajili ya ripoti, na kikomo cha asilimia mkifute. Hakikisheni mwalimu ana idhini ya kubadili vichujio na mwanafunzi anaiona ripoti kabla ya kukusanya. Kabla ya kulipa, ombeni mpakie kazi moja iliyotafsiriwa ambayo chanzo chake mnakijua, halafu mumuulize muuzaji mbona ripoti imerudi nyeupe.